Hasira Baada ya Jeraha la Ubongo: Mazungumzo na Familia za Wagonjwa

*Haya ni maelezo ya mazungumzo yaliyotolewa na muuguzi anayewahudumia wagonjwa waliojeruhiwa kichwani, katika kikao cha walezi kilichofanyika hospitalini. Tumeyachapisha kwa ombi la familia ambazo hazikuweza kufika.*

Najua wengi wenu mmemwachia jirani mgonjwa na mmeahidi kurudi kabla ya adhuhuri, kwa hivyo sitazunguka sana.

Leo nataka tuzungumze waziwazi juu ya jambo ambalo kwa kawaida husemwa kwa kunong'ona. Siku ya kliniki tunaulizwa kuhusu mguu usiokanyaga, mkono usioshika, mshono unaowasha. Tukimaliza, mke anamtanguliza mumewe nje, anarudisha mlango, anasema: "Sista, siku hizi ananipiga." Au mama mzazi anakuja na kovu la moto mkononi na anasema alijimwagia uji. Tukikaa naye kidogo tunagundua kwamba sufuria ilirushwa. Wanaona aibu. Wanaogopa kwamba wakisema, mgonjwa atapelekwa polisi, au ukoo utasema wao ndio hawajui kumtunza.

Jambo la kwanza ninalotaka mlielewe ni kwamba ukali huu ni dalili ya jeraha, kama homa ilivyo dalili. Mtoto akiwa na homa humwambii aache kuwa na joto. Unatafuta ni malaria au ni kifua, kisha unatibu hicho. Ukali wa mgonjwa wa ubongo nao una kinachouchochea, na mara nyingi anayeweza kukiona ni nyinyi mnaoishi naye. Mimi namwona dakika ishirini kwa mwezi, nyinyi mnamwona akilala na akiamka.

Ubongo ni laini, umekaa ndani ya fuvu kama kiini ndani ya ganda. Mtu akianguka kutoka kwa bodaboda, kichwa kinasimama ghafla kwenye lami lakini ubongo ndani unaendelea kwenda. Sakafu ya fuvu, nyuma ya paji la uso na karibu na masikio, ina mifupa yenye matuta. Ndipo ubongo unapochubuka zaidi, hata kama mtu aligonga kisogo. Sasa, hiyo sehemu ya mbele ndiyo breki. Mimi na wewe tukitukanwa sokoni, hasira inapanda, lakini kuna kitu kinatuambia ngoja, huyu ni mkwe wako, hapa kuna watu. Kwa mgonjwa wetu waya wa breki umekatika au umelegea. Injini iko palepale, ina nguvu zilezile, lakini akikanyaga breki haishiki. Kiharusi kikipiga sehemu hiyo kinaweza kuleta hali kama hiyo, ndiyo maana humu ndani kuna familia ambazo mzee wao hajawahi kupanda pikipiki.

Madaktari wamelijua hili kwa muda mrefu. Mwaka 1848 huko Vermont, Marekani, msimamizi wa mafundi wa reli aliyeitwa Phineas Gage, kijana wa miaka 25, alikuwa akishindilia baruti kwenye mwamba ikamlipukia. Fimbo ya chuma yenye urefu wa zaidi ya mita moja iliingia chini ya shavu la kushoto na kutokea juu ya kichwa. Hakufa. Aliongea siku hiyohiyo. Lakini daktari wake, John Harlow, aliandika kwamba tabia yake ilibadilika, akawa mtu wa matusi na asiye na subira, na waajiri waliokuwa wakimsifu wakakataa kumrudisha kazini. Kisa hiki husimuliwa kikaishia hapo, nami nadhani kinakatwa vibaya. Gage baadaye alikwenda Chile, akafanya kazi ya kuendesha gari la farasi la abiria kwa miaka kadhaa. Ilikuwa kazi ya utaratibu mmoja: kuamka saa ileile, farasi walewale, njia ileile. Wapo wataalamu wanaoamini kwamba utaratibu huo ndio uliomsaidia kujitawala tena. Kumbukeni hilo la utaratibu, maana halihitaji pesa.

Kuna nyakati mbili tofauti, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni pale mgonjwa anapoanza kuzinduka. Haelewi yuko wapi, hakumbuki kilichotokea asubuhi, anang'oa mpira wa mkojo na sindano ya maji, anapiga manesi, anamtukana mamake. Inatisha kuitazama, lakini mara nyingi ni hatua ya kupona na hupita kadiri fahamu zinavyorudi, kwa siku au wiki. Wakati huo hana kosa lolote la kusamehewa, kwa sababu hajui anachofanya wala hatakikumbuka. Mnachoweza kufanya ni kupunguza vurugu: mtu mmoja au wawili kando ya kitanda, sauti ya chini, simu zizimwe, kumwambia kwa upole na kwa kurudia, "Uko hospitali. Ulipata ajali. Mimi ni dada yako." Wageni kumi kutoka mtaani, kila mmoja akiuliza "Unanijua mimi? Mimi ni nani?", wanamchosha kuliko wanavyomfariji. Najua ni vigumu kuwarudisha watu waliopanda matatu mbili kuja kumwona. Waleteni kwangu, nitawarudisha mimi.

Ya pili ndiyo inayovunja nyumba. Ni ile ya miezi baadaye, akiwa ameshatoka, anatembea, anakula, majirani wanasema amepona. Sura ni ileile, lakini jambo dogo linamwasha: chumvi imezidi, mtoto amemkatiza, hakuipata kofia yake. Anafoka, anarusha, anapiga. Dakika kumi baadaye ametulia anauliza chai iko wapi, na nyinyi bado mnatetemeka.

Hapa ndipo tunapotafuta chanzo. Anza na mwili. Je, ana maumivu? Kichwa kinamuuma? Jino? Bega lililoteguka siku ya ajali ambalo hakuna aliyelitazama kwa sababu wote tuliangalia kichwa? Amepata choo lini? Mgonjwa asiyeweza kusema vizuri hawezi kukuambia kwamba kibofu kimejaa au mkojo unamchoma. Atakachofanya ni kumpiga anayemgusa. Kama aliyekuwa mtulivu amebadilika ndani ya siku mbili tatu, apimwe mkojo na malaria kabla hamjaamua kwamba ni tabia. Je, analala? Aliyejeruhiwa ubongo akikosa usingizi usiku, mchana wake unaharibika wote. Kuna pia baadhi ya dawa za kuzuia kifafa ambazo kwa watu wengine huleta hasira. Ukiona ukali ulianza baada ya kuanzishiwa dawa mpya, mwambie daktari, atazame kama inaweza kubadilishwa. Lakini usiikatize mwenyewe, maana kifafa kikirudi kwa ghafla kinaweza kumuua.

Kisha tazama mazingira. Niwape mfano wa aina ninayokutana nayo mara kwa mara. Baba anakuwa mkali kila jioni. Familia inasema jioni ndipo pepo anapopanda. Tunauliza: jioni kuna nini? Watoto wanarudi kutoka shule, redio inawashwa, televisheni nayo, mama anapika huku akizungumza kwa simu, na wajomba wanapita kumjulia hali. Ubongo uliojeruhiwa hauwezi kuchuja. Sisi hapa tunanisikiliza mimi na kuiacha ile jenereta ya nje inayonguruma. Yeye anasikia vyote kwa sauti moja. Tena jioni ni saa ambayo amechoka kabisa, kwani kufikiri tu kunamchosha kama kulima. Familia kama hiyo ikimpa saa moja ya kulala mchana kwenye chumba chenye giza kidogo, ikazima televisheni na kuwaomba wajomba waje asubuhi, mara nyingi jioni hubadilika.

Wapo wanaokasirika kwa sababu wameshindwa. Fundi seremala hawezi tena kupima ubao. Mwalimu amesahau jina la mwanafunzi. Mwanamume aliyekuwa akileta unga sasa anapewa nauli na mkewe, na anahesabiwa chenji mbele ya watoto. Hiyo inauma hata kwa mtu mzima wa afya, sembuse aliyepoteza breki. Na wapo wasiojua kwamba wameumia ubongo. Ukimwambia huwezi kuendesha pikipiki, kwake wewe ni mwongo unayemnyang'anya riziki. Kubishana naye hakusaidii, kwa kuwa sehemu ya ubongo ambayo ingemwonyesha hitilafu ndiyo iliyojeruhiwa.

Kwa hivyo nawaomba mwende nyumbani na daftari, la shule la kurasa thelathini na mbili linatosha. Kila anapowaka, andikeni saa, kilichotokea kabla, alichofanya, na nyinyi mlifanya nini baadaye. Msiandike "alikasirika bure". Andikeni "saa kumi na mbili jioni, ameoga maji baridi, mtoto alilia, alirusha kikombe, tukampa soda atulie". Baada ya wiki mbili, lileteni. Kurasa hizo hutuambia mengi kuliko skeni. Mtaona pia yale yenu wenyewe. Kama kila akirusha kikombe anapewa soda, atajifunza kurusha vikombe. Mpeni soda saa anapoomba kwa upole, na mwambieni kwamba mmependa alivyoomba.

Sasa moto ukiwaka, mfanye nini? Mara nyingi kuna dalili kabla: anatembea huku na huko, anakunja ngumi, macho yanakaza, sauti inapanda. Hapo ndipo pa kuacha mnachofanya. Kama ulikuwa unamwosha au unamlazimisha kula, acha, uji unaweza kungoja. Azungumze mtu mmoja tu, mwengine awatoe watoto. Punguza sauti yako, maneno machache: "Nimeona umekasirika. Tupumzike." Usimkaribie kwa nyuma, usimshike ghafla, usimnyooshee kidole, usimcheke. Simama kando kidogo, zaidi ya urefu wa mkono wake, na mlango uwe nyuma yako, si nyuma yake. Asijione amezingirwa, nawe usijikute kwenye kona. Wengine hutulia ukiwapeleka nje wakatembea, au ukibadilisha mazungumzo uende kwenye kitu wanachokipenda, mpira wa jana, ng'ombe aliyezaa. Akiendelea kupanda, ondoka. Kuondoka hakumaanishi umemtupa.

Akishatulia usimwite kikao cha ukoo kumuuliza kwa nini alifanya vile. Pengine hakumbuki, na aibu itamwasha upya. Mwacheni apumzike. Baadaye, akiwa ametulia kabisa, unaweza kumwambia kwa ufupi: "Jana uliponipiga niliumia. Ukichoka, niambie nataka kwenda chumbani." Mwambie hivyo hata mara hamsini. Ubongo hujifunza kwa kurudia.

Panga, shoka, mchi, jiko la mkaa, mafuta ya taa: viwekwe mahali asipopita anapokuwa amewaka. Ufunguo wa pikipiki pia. Fanyeni kimyakimya siku ya utulivu, msiwe mnakimbizana naye kwa ajili ya panga.

Nifike kwenye yale yanayozidisha. Kamba ni la kwanza. Nimewapokea wagonjwa wenye vidonda vya kamba vifundoni, na waliowafunga ni watu wanaowapenda, waliokuwa wamechoka na hawana msaada. Siwahukumu. Lakini mtu aliyechanganyikiwa akifungwa hupigana na kamba mpaka ajiumize, na anachojifunza ni kwamba nyinyi ni maadui. Kiboko vivyo hivyo, hakirudishi breki iliyokatika. Kuhusu dua, maombi na waganga, kila mtu na imani yake, nami sitaingia hapo, ila niombe mambo mawili: asikoseshwe dawa kwa siku hata moja, na asikeshe usiku kucha kwenye kelele na moshi. Sheikh au mchungaji anayemwombea kwa sauti ya chini, alasiri, nusu saa, anakaribishwa.

Mnazi, chang'aa, miraa, muguka. Vijana wenzake watamletea kwa nia njema, "ajisikie mtu". Pombe inalegeza hata ile breki kidogo iliyobaki na inaweza kuleta kifafa. Miraa na muguka zinamnyima usingizi, na usingizi ndio dawa yake. Mtafuteni yule rafiki anayemletea, mzungumze naye kando. Mara nyingi hajaelezwa.

Na hizi tembe za duka la dawa. Watu wananunua Valium au dawa nyingine za usingizi bila cheti, wanamsagia kwenye uji. Atalala, ni kweli. Ataanguka pia, atakuwa mzito wa fahamu zaidi, na wengine badala ya kulala huzidi kuwa wakali. Zipo dawa zinazosaidia baadhi ya wagonjwa, na daktari anaweza kuzianzisha kidogo kidogo huku akimfuatilia. Lakini hata hizo hazitafanya kazi ya daftari.

Kuna hali ambazo hamngoji kliniki. Mgonjwa aliyekuwa akiendelea vizuri, hata wiki kadhaa baada ya ajali, akianza kuumwa kichwa kinachozidi, kutapika, kusinzia mchana asiamke vizuri, kulegea upande mmoja au kubadilika tabia kwa haraka, huenda damu inajikusanya taratibu juu ya ubongo. Hasa wazee, ambao wanaweza kuipata hata kwa kuanguka bafuni. Mleteni siku hiyohiyo. Vilevile akipata kifafa, akiwa na homa, au akisema anataka kujiua au kumuua mtu. Maneno hayo msiyachukulie kuwa ni hasira tu.

Sasa nizungumze nanyi wenyewe, hasa wake, mama na mabinti, kwa kuwa ndio mliojaa humu. Nimeeleza kwamba ukali ni dalili. Sikusema mvumilie kupigwa. Kuna watakaowaambia "huyo ni mgonjwa, stahimili", halafu wao wanakwenda kulala kwao. Kuelewa kwa nini anapiga ni jambo moja, na kubaki chini ya ngumi ni jambo jingine. Wewe na watoto mna haki ya kuwa salama. Kubalianeni mapema na jirani mmoja ambaye mlango wake uko wazi usiku. Mwambieni mzee wa nyumba kumi au chifu siku ya amani, asije akajua siku ya msiba. Mkiwa hatarini, nambari ya polisi ni 999 au 112. Kwa waliopigwa au kulazimishwa nyumbani kuna nambari ya bure 1195. Ukiwa umelemewa na unataka tu mtu wa kuzungumza naye, Msalaba Mwekundu wana 1199, nayo ni bure.

Mlezi mmoja hawezi peke yake. Kaka zake wagawane siku. Anayeishi Nairobi na kutuma pesa mwisho wa mwezi amesaidia, lakini aje pia wiki mbili kwa mwaka alale naye, mkewe aende kwao apumzike. Andikisheni kaya nzima kwenye SHA. Na kama ulemavu umebaki, hata ule usioonekana kwa macho, anaweza kupimwa hospitalini na kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Watu hufikiri ni kwa waliokatwa miguu tu. Ulizeni dirisha la huduma za jamii hapa chini.

*Baada ya mazungumzo, mzee mmoja aliuliza kama kijana wake, aliyekuwa mwendeshaji wa bodaboda na sasa hugombana na kila mtu nyumbani, ataweza kurudi kazini.*

Baba, kuendesha, bado. Mpaka daktari aseme, na kama amewahi kupata kifafa baada ya ajali, safari hiyo ni ndefu zaidi. Lakini sikupendekezei akae kitandani akitazama dari, kwa sababu kukaa bure kunamkasirisha pia. Steji yake iko wapi? Hapo karibu na soko? Basi nenda ukaongee na mwenyekiti wa steji. Aoshe pikipiki mbili asubuhi, saa mbili hadi saa nne, kabla jua halijawa kali na kabla kelele hazijazidi. Pikipiki zilezile, ndoo ileile, mwenzake mmoja anayemfahamu akae karibu. Alipwe mkononi mwake, hata kama ni shilingi hamsini. Akirudi alale. Akigombana siku ya kwanza, usimwondoe, andika kwenye daftari kilichotangulia. Uje naye Jumanne ijayo, tulisome pamoja.